Hudi ya lenzi inapoharibu picha: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Malalamiko kuhusu hudi, kile kikinga-mwanga kinachofungwa mbele ya lenzi, ni yaleyale kila mara. Mmoja anaona pembe nyeusi, mwingine anapata kivuli kinene chini ya picha, wa tatu hudi imekwama kwenye lenzi na haitoki. Wengi huwa wameshatoa hukumu kabla ya kuuliza: lenzi imekufa, itafutwe nyingine. Lakini hudi haina umeme, haina kioo, haina kitu kinachozunguka. Ikisumbua, ama imekaa vibaya, ama si ya lenzi hiyo, ama imepewa kazi isiyoiweza.

Kazi yake ni moja tu ya msingi. Mwanga wa jua au taa iliyo nje ya fremu unaweza kugonga kioo cha mbele ukitokea ubavuni, ukadundadunda kati ya vioo vya ndani, kisha ukaishia kwenye sensa, sehemu ya kamera inayonasa picha. Mwanga huo hauchori chochote. Unapausha weusi wa picha au unaacha madoa. Hudi inaziba njia hiyo, kama ukingo wa kofia unavyolikinga jicho. Haibadilishi fokasi, na hupunguzi kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) kwa sababu umeivaa.

Kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, fanya jaribio hili. Simamisha kamera mahali pamoja, piga picha ukiwa na hudi, itoe, piga nyingine kwa mipangilio ileile. Tatizo likibaki kwenye picha zote mbili, hudi haihusiki na unapoteza muda kuihangaikia. Jaribio linachukua chini ya dakika moja, na ndilo ambalo karibu kila anayelalamika hajalifanya.

Dalili: pembe za picha ni nyeusi

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na ina vyanzo vingi kuliko nyingine zote. Namna weusi ulivyokaa inakuambia chanzo, kwa hiyo itazame picha vizuri kabla ya kugusa kitu.

*Hudi haijafika mwisho wa mzunguko wake.* Anza hapa. Hudi zenye petali, yaani zilizokatwa ukingo kama majani ya ua, zina petali mbili ndefu na mbili fupi. Ndefu hukaa juu na chini, fupi kulia na kushoto, na mabonde kati yake huangukia kwenye pembe nne, maana huko ndiko lenzi inakoona mbali zaidi kutoka katikati. Hudi ikipotoka kidogo tu, petali ndefu zinahama kutoka mahali pake na kuingia pembeni. Utaona pembe mbili zinazotazamana kimshazari zimeingia giza, mfano juu kulia na chini kushoto, huku nyingine mbili zikiwa safi au karibu safi. Ukiona mshazari huo, usitafute kingine. Kama imefungwa kwa robo mzunguko mzima wa makosa, weusi utatokea kulia na kushoto kwa umbo la upinde.

Dawa yake: tafuta nukta au mstari kwenye lenzi na alama inayolingana nayo kwenye hudi. Hudi nyingi zina alama mbili, ya kuingilia na ya kufungia. Linganisha ya kuingilia, zungusha hadi usikie mlio wa kushika, halafu hakikisha ya kufungia imefika kwenye nukta. Igeuze kamera uitazame kwa mbele: petali ndefu ziwe juu na chini. Ukiisimamisha kamera wima, hudi inageuka pamoja nayo, kwa hiyo usiizungushe tena kufuata ardhi.

*Hudi si ya lenzi hiyo.* Hapa pembe zote nne zinakuwa nyeusi kwa kiwango kimoja. Kuingia vizuri na kufunga kwa mlio si ushahidi kwamba ni yake. Meno ya kushikia yanaweza kulingana ilhali urefu haulingani. Kwenye kamera ya fremu kamili, yaani sensa ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 inaona pembe ya nyuzi takriban 84 kimshazari. Ya milimita 50 inaona kama nyuzi 47, na ya milimita 70 nyuzi 34 hivi. Hudi iliyokatwa kwa ajili ya milimita 70 ikivishwa lenzi ya 24 lazima itaonekana kwenye picha. Haiwezi kukwepa.

Soma namba iliyochapwa kwenye hudi na uilinganishe na iliyotajwa kwenye kijitabu cha lenzi. Kwa Canon, herufi EW ni hudi za lenzi pana, ES za lenzi za kawaida, ET za lenzi ndefu. Lenzi ya EF 50mm f/1.8 STM, kwa mfano, inatumia ES-68. Kwa Nikon herufi zinaeleza namna ya kufunga: HB hushika kwa meno, HN huingia kwa nyuzi za skrubu, HS hubanwa kwa klipu, HK huteleza juu ya pipa la lenzi, na HR ni za mpira.

Jihadhari na hudi zinazouzwa kwa kipimo cha filta peke yake, "milimita 58" basi. Kipimo hicho kinasema itaingia wapi. Hakisemi itaziba nini.

*Filta zimerundikana.* Filta juu ya filta, halafu juu yake hudi ya skrubu: kila pete inaisogeza hudi mbele na kuiingiza kwenye uwanja wa kuona. Ondoa kimoja kimoja, piga picha kila hatua, mpaka umjue mkosaji. Hudi inayoshika kwa meno kwenye pipa haisogezwi na filta, lakini pete nene za filta zenyewe zinaweza kuingia kwenye picha, hasa chini ya milimita 24.

*Unatumia zumu, lenzi inayovuta picha karibu au mbali.* Safi kwenye milimita 35, nyeusi kwenye 18? Mara nyingi ni hudi ya kampuni nyingine, si ya aliyetengeneza lenzi. Hudi halali ya lenzi ya zumu hukatwa kwa kufuata upande wake mpana zaidi. Zile za mpira zenye hatua tatu zina nafuu: ikunje ukiwa upande mpana, ikunjue ukivuta.

*Sehemu ya mbele ya lenzi inazunguka.* Baadhi ya lenzi za zamani zinazouzwa pamoja na kamera huzungusha kioo cha mbele wakati wa kufokasi. Hudi ya petali iliyofungwa kwenye sehemu hiyo itakuwa sawa picha hii na kupotoka ile. Lenzi ya aina hiyo inahitaji hudi ya duara. Hakuna ujanja mwingine.

*Ni lenzi yenyewe.* Karibu kila lenzi hutia giza pembeni tundu la mwanga (uwazi ndani ya lenzi unaopitisha mwanga) likiwa wazi kabisa, hata bila hudi. Kulitofautisha na giza la hudi ni rahisi: piga ukuta mweupe au anga lisilo na mawingu kwa tundu wazi, kisha kwa f/11, yaani tundu dogo. Giza la lenzi ni laini, linafifia polepole, na hupungua sana ukifunga tundu stopu (hatua) mbili tatu. Giza la hudi linafanya kinyume chake. Ukifunga tundu, ukingo wake unazidi kukolea na unaanza kuona umbo la petali.

Mambo mawili yanawapoteza watu kwenye majaribio haya. La kwanza, kitundu cha kuchungulia cha kamera nyingi za bei nafuu zenye kioo cha ndani huonyesha takriban asilimia 95 ya picha tu, kwa hiyo unaweza kuona pembe safi kumbe petali imo. Hakikisha kwenye picha iliyopigwa. La pili, kamera huwa na mpangilio wa kung'arisha pembe kiotomatiki kwenye JPEG, yaani picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera. Uzime, au kagua faili la RAW, ambalo halijachakatwa.

*Acha, mwone fundi:* ikiwa hudi na filta zote zimetoka, tundu liko f/11, na bado pembe moja tu ni nyeusi au imepoteza ukali kuliko wenzake. Hiyo ni dalili ya kioo cha ndani kilichohama au hitilafu ya kamera, na haitengenezwi kwa bisibisi ya nyumbani.

Dalili: hudi ipo, lakini picha bado imepauka au ina madoa ya mwanga

*Chanzo cha mwanga kiko ndani ya fremu.* Jua likiwa kwenye picha, hudi haina la kufanya; ingeliziba jua, ingeziba na picha. Sogea hatua moja ili jua lijifiche nyuma ya tawi au ukuta, au badili pembe. Madoa yenye umbo la pande kadhaa yaliyojipanga kwa mstari kutokea kwenye jua ni akisi za tundu la mwanga, na hayaondolewi na hudi hata iwe ya bei gani.

Onyo moja hapa, na si la utani: usilitazame jua kupitia kitundu cha kuchungulia cha kioo, hasa ukiwa na lenzi ndefu. Jicho linaungua kabla hujaliondoa. Wala usiiache kamera kwenye tripodi imeelekezwa juani; lenzi inakusanya joto na inaweza kuunguza shata au sensa. Hudi haizuii hilo hata kidogo.

*Hudi imegeuzwa nyuma.* Imevaliwa kinyumenyume, kama inavyohifadhiwa kwenye begi, na mwenyewe anapiga picha hivyohivyo. Inaonekana kila mahali. Ikiwa hivyo haitoi kivuli chochote kwenye kioo, na juu yake inaficha pete ya zumu au ya fokasi. Igeuze, sekunde mbili zinatosha.

*Kioo au filta ni chafu.* Alama moja ya kidole inatosha kusambaza mwanga kwenye picha nzima, na hudi haiwezi kuifidia. Usianze kufuta. Puliza kwanza kwa kipulizia cha mpira huku lenzi ikitazama chini, ili mchanga udondoke badala ya kurudi kwenye kioo. Pitisha brashi laini. Ndipo uchukue kitambaa cha mikrofaiba kisafi, ukitie tone la dawa ya lenzi (kitambaa, si kioo), na ufute kwa miduara kutoka katikati kwenda ukingoni. Kona ya shati inapitisha vumbi juu ya kioo, na vumbi hukwaruza.

*Filta inaakisi.* Hii hujitokeza usiku. Unaona nakala hafifu za taa zimepinduka, zikiwa upande wa pili wa katikati ya picha: taa iko juu kulia, nakala yake ya rangi ya kijani iko chini kushoto. Mwanga umegonga sensa, ukarudi mbele, ukaakisiwa na kioo bapa cha filta. Toa filta, rudia picha. Hili ndilo linalonifanya nipendelee hudi kuliko filta ya kinga kwa matumizi ya kila siku: inakinga dhidi ya vidole na migongano bila kuongeza kioo kingine kwenye njia ya mwanga. Pwani kwenye upepo wa mchanga na chumvi ni habari nyingine. Huko vaa vyote viwili.

*Umevuta zumu.* Kwa kuwa hudi imekatwa kufuata upande mpana, ukivuta hadi milimita 70 au 105 inakuwa fupi mno kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo ukifunga lenzi ya fremu kamili kwenye kamera ya APS-C: sensa ni ndogo, uwanja wa kuona umepungua, na hudi ingeweza kuwa ndefu zaidi bila kuonekana. Kuna lenzi chache zilizoliepuka tatizo hili kwa muundo wake. Canon EF 24-70mm f/2.8L ya mwaka 2002 hurefuka inapoelekea milimita 24 na kurudi ndani inapoelekea 70, ilhali hudi imefungwa kwenye pipa lisilosogea. Kwa hiyo kadiri unavyovuta, kioo kinazama zaidi ndani ya hudi.

Kwa lenzi nyingine zote, tumia mkono. Kamera ikiwa kwenye tripodi, simama pembeni na ukitazame kioo cha mbele, si skrini. Ukiona jua linang'aa juu ya kioo, hudi haijakifikia. Inua kiganja au daftari upande wa jua, kishushe taratibu mpaka uone kivuli chake kimefunika kioo chote. Sasa tazama skrini kuhakikisha kiganja hakimo kwenye picha, kisha bonyeza. Tofauti unaiona palepale: weusi unarudi kuwa weusi.

*Ndani ya hudi panang'aa.* Hudi nzuri ndani yake ni nyeusi isiyometa, ina mifereji midogo au imebandikwa kitambaa cha manyoya mafupi. Plastiki laini ya bei rahisi, au ya zamani iliyosuguliwa na vifaa vya begini, inaakisi mwanga kuelekea kwenye kioo. Iweke karibu na taa uichungulie. Ikimeta, kata vipande vya mahameli nyeusi yenye gundi nyuma na uvibandike ndani, ukiacha meno ya kushikia huru. Usinyunyizie rangi hudi ikiwa kwenye lenzi, na ukiipaka nje ya lenzi isubiri ikauke kabisa. Rangi inayobanduka itaishia kwenye kioo.

*Lenzi ina utando au kuvu ndani.* Zima kamera, toa lenzi, fungua tundu, mulika tochi kutoka upande mmoja na uchungulie kwa upande wa pili ukiiinamisha kidogo. Vumbi kiasi ni la kawaida na halionekani kwenye picha. Ukiona ukungu uliotanda sawasawa, au nyuzi nyembamba zinazosambaa kama mizizi, *acha hapo*. Usifungue lenzi. Kila kioo kimepangwa kwa usahihi ambao hutaurudisha kwa macho. Mpelekee fundi wa lenzi, na itenge na nyingine huku ukisubiri, ikae mahali pakavu.

Dalili: kivuli cha nusu duara chini ya picha ukitumia flashi

Flashi iliyojengwa ndani ya kamera iko chini mno. Mwanga wake unagonga ukingo wa juu wa hudi, na kivuli cha hudi kinaangukia sehemu ya chini ya picha. Kinazidi kadiri unavyomkaribia unayempiga, na kadiri lenzi ilivyo pana. Wengi huhisi flashi imeharibika kwa sababu picha nyingine zote za bila flashi ni nzuri.

Toa hudi. Kwa kawaida hilo linamaliza. Kivuli kikipungua bila kuisha, pipa la lenzi lenyewe ni refu au nene. Rudi nyuma hatua chache na uvute zumu kidogo. Suluhisho la kudumu ni flashi ya nje inayokaa juu ya kamera, maana kichwa chake kimeinuka kupita ukingo wa hudi, au iliyoshikwa pembeni mbali na lenzi.

Hudi kubwa inaweza pia kuziba ile taa ndogo inayosaidia kufokasi gizani. Kamera ikianza kutafuta fokasi mbele na nyuma bila kushika, ilhali bila hudi inashika, ndiyo sababu.

Dalili: hudi haitoki

Kwanza, je, ina kitufe? Hudi nyingi za siku hizi zina kitufe cha kuachia ubavuni, na watu wamezivunja meno kwa kutokijua.

Kama haina, kosa la kawaida ni kuiminya. Ukiibana hudi kwa vidole viwili kwa nguvu, duara linakuwa yai na meno yanazidi kushika. Vaa glavu ya mpira, izungushie kiganja chote karibu na shina lake, shika kwa upana bila kubana, kisha zungusha. Ukisikia mkwaruzo, mchanga umeingia. Elekeza lenzi chini, puliza kwenye mwanya, zungusha kidogo kwenda na kurudi, puliza tena. Usilazimishe mchanga upite.

Hudi ya skrubu iliyokwama, hasa ya chuma, huwa imeingia kwa nyuzi zilizopishana. Zungushia raba bendi nene kwenye pete yake upate mshiko. Ikiwa ya duara, ilaze kifudifudi juu ya raba bapa kama ile ya kipanya cha kompyuta, ikandamize kidogo tu, uzungushe lenzi. Na hapa angalia unashika wapi: kama mbele ya lenzi inatembea au inazunguka wakati wa kufokasi, shika sehemu hiyohiyo ya mbele. Ukishika nyuma, nguvu yote inapita kwenye gia na mota ya fokasi.

Usitie mafuta ya aina yoyote. Yatatambaa hadi kwenye kioo, na baadaye kwenye bapa za tundu. Usitumie koleo. Ukihisi pipa la lenzi linajipinda pamoja na hudi, au nyuzi zinasaga, simama. Fundi ana vibanio vya kuzunguka pete nzima na ataitoa bila kuiua lenzi.

Safari nyingine, unapofunga hudi au filta ya skrubu, izungushe kwanza kinyume polepole mpaka uhisi imedondoka kidogo kwenye nafasi yake. Ndipo uikaze. Kudondoka huko ndiko nyuzi zinapokutana.

Dalili: hudi inalegea, inadondoka au inazunguka yenyewe

Vivimbe vidogo vinavyoifanya ishike kwa mlio vimekwisha kwa matumizi. Safisha mfereji wa kwenye lenzi kwanza, kwa kuwa uchafu nao unaizuia kufika mwisho. Kama bado inacheza, bandika kipande chembamba cha tepu kwenye meno ya hudi, si ya lenzi, ujaribu. Tepu ikijaa sana itakurudisha kwenye tatizo lililotangulia. Gundi hapana, hata tone.

Hudi inayocheza haibaki tatizo la hudi peke yake. Ikizunguka katikati ya kazi inakuletea ile mishazari nyeusi ya pembeni, na hutaigundua mpaka ufungue picha kwenye kompyuta. Kama tepu haikusaidia ndani ya siku moja ya kazi, nunua nyingine. Si kitu cha kufufua.

Dalili ndogondogo

Filta ya polaraiza (ya kupunguza mng'ao, inayorekebishwa kwa kuzungushwa) haizunguki kwa sababu hudi imeizingira: itoe hudi, zungusha filta mpaka upate unachotaka, irudishe hudi bila kugusa pete. Baadhi ya hudi, za Pentax zikiwa maarufu kwa hilo, zina kidirisha chini cha kuingiza kidole. Hudi ya duara iliyofungwa kwa skrubu juu ya polaraiza inarahisisha kabisa, maana ukizungusha hudi na filta inazunguka, ila zungusha kwa upande wa kukaza, vinginevyo vyote viwili vitakuja mkononi.

Mdudu au ua likiwa sentimita chache kutoka kwenye lenzi linaingia kwenye kivuli cha hudi. Itoe, kwa umbali huo hata wewe mwenyewe huenda unaziba mwanga.

Picha za tripodi zimetikisika siku ya upepo: hudi ndefu ya lenzi kubwa inashika upepo kama tanga, na kwa shata ya nusu sekunde hiyo inatosha kuharibu. Itoe kama hakuna mwanga wa pembeni.

Ukipiga kupitia dirisha, hudi ngumu inakuacha mbali na kioo na chumba chote nyuma yako kinaakisiwa. Ya mpira inabanwa kwenye kioo na kuziba mwanga huo.

Lenzi yenye kioo kilichobinuka mbele na hudi isiyotoka, kama Nikon 14-24mm f/2.8G, haina kasoro ikikataa filta ya kawaida ya skrubu. Imeundwa hivyo, usijaribu kuing'oa hudi.

Baada ya kuanguka

Hudi ya plastiki inapopasuka badala ya lenzi, imefanya kazi ambayo wengi hawakuinunulia. Hudi ya chuma iliyofungwa kwenye nyuzi za filta haina wema huo; haipasuki, inapeleka kishindo moja kwa moja kwenye pete ya mbele.

Kagua kwa mpangilio huu. Toa hudi na uitazame pete ya filta: je, bado ni duara? Tikisa lenzi taratibu karibu na sikio. Zungusha zumu na fokasi kwa mkono ukisikiliza mkwaruzo au kukwama katikati. Funga kwenye kamera, fokasi kwa otomatiki mara kadhaa kwa karibu na mbali. Mwisho piga ukuta wa matofali ukiwa umeukabili moja kwa moja, tundu wazi, ulinganishe upande wa kushoto na wa kulia. Mlio wa kitu kidogo kinachotikisika unaweza kuwa wa kawaida kwenye lenzi zenye kidhibiti mtikisiko wakati kamera imezimwa, kwa hiyo usiogope huo peke yake. Ulinganishe na ulivyokuwa kabla ya kuanguka.

Pete imepinda, zumu inakwaruza, mota inalia, upande mmoja umepoteza ukali, au lenzi inacheza pale inapoungana na kamera: usiendelee kuitumia, ipeleke kwa fundi. Kupinda kwa pete usikunyooshe kwa koleo, kwa sababu pete nyingi leo ni za plastiki na zitakatika. Vyote vikiwa sawa na ni hudi tu iliyopata ufa, tumia nyingine. Kipande kinachoning'inia kinaweza kuingia pembeni mwa picha, na makali yake yako kwenye umbali wa kidole tu kutoka kioo cha mbele.